Mpima Maziwa na Simu Nyepesi

Nisameheni kwanza kwa mwandiko. Niliishia darasa la sita, na hata huko mwalimu wetu alikuwa akishika daftari langu kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya kwenye debe. Herufi zangu nyingine zinalala, nyingine zinapanda mlima, na maneno mengi nimeyaandika jinsi nilivyoyasikia. Tena naandika polepole. Ukurasa huu peke yake umenichukua asubuhi mbili, na ng'ombe wamelalamika. Mkikwama kwenye neno, lisomeni kwa sauti, mara nyingi litajitambulisha lenyewe.

Ninayetaka kumweleza ni Mpimaji. Ana jina la ubatizo, lakini kwetu kwenye milima ya Masisi hakuna anayelitumia, na mimi sitakuwa wa kwanza. Kazi yake ni kupima maziwa kwenye leteri, ile nyumba ya mbao ambapo tunapeleka maziwa kila asubuhi ili yageuzwe fromaji, jibini letu la milimani. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sitasema. Yeye mwenyewe akiulizwa hujibu, "Andika nilitoka kwa mama," kisha anaita mtungi unaofuata.

Anavaa buti nyeupe za mpira na aproni nyeupe, hata kanisani, akisema kwamba Mungu pia anapenda usafi. Ana kijiti cha kioo ambacho huelea ndani ya maziwa. Maziwa mazito hukiinua, yaliyotiwa maji hukiacha kizame. Kabla ya kijiti, hunusa. Baada ya kijiti, huweka tone moja kwenye ukucha wa kidole gumba na kuliangalia kama litakaa au litakimbia. Kisha hutoa hukumu moja kati ya mbili: "Haina maji," au "Iko na maji." Hapandishi sauti. Mama mmoja aliyeambiwa "Iko na maji" siku ya Jumamosi alikaa wiki mbili bila kuimba kwaya.

Sasa simu zilipoanza kujaa huku milimani, tulihitaji mtu wa kutushauri ipi ya kununua. Kulikuwa na vijana waliozitumia kila siku, lakini anayetumia kitu huwa na upendeleo. Mpimaji hakuwahi kumiliki simu hata moja, kwa hiyo sote tulimwona ndiye mtu wa haki. Watu wakaanza kuja leteri na mtungi mkono mmoja, simu mkono wa pili.

Alizipima kwa namna anayoijua. Alizinusa upande wa batri. Alizigonga kwa ukucha na kusikiliza. Mwishowe aliziweka kwenye mizani ya fromaji, ile ya sahani mbili, na nzito ikashinda. Sheria yake ilikuwa fupi: "Kintu muzuri iko nzito. Kintu mwepesi, kuko mahali balitia maji."

"Papa, telefone haikamuliwe," kaka yangu alimwambia siku moja, maana kwetu kila mzee ni Papa.

"Njo maana banawadanganya," Mpimaji alijibu. "Ngombe munaiona. Ule mwenye alitengeneza telefone, munamuona?"

Kaka aligeuza simu yake akimtafuta. Mimi pia, hadi leo.

Kaka yangu huyu ana pikipiki. Anabeba fromaji, anashuka nazo msituni hadi Mubi, ule mji wa barabarani upande wa Walikale ambako wachimba madini hununua kila kitu na maduka huuza kila kitu, na anarudi na mafuta ya mawese, ndizi, na vitu vya umeme. Safari moja alitaka kununua pawabanki, kile kibatri cha mfukoni cha kuchajia simu. Kwa kuwa ni mtu mwenye akili, aliomba ushauri kwanza. Mpimaji alimpa jiwe moja la mizani. "Isipofikisha hii, uiache dukani," alisema.

Kaka alizunguka Mubi akiwa na pawabanki mkono wa kuume na jiwe mkono wa kushoto, akipandisha na kushusha kama mtu anayefanya mazoezi. Kwenye duka la tatu mwenye duka alimwangalia muda mrefu, akamwomba arudi baada ya saa moja, kwamba mzigo mwingine uko njiani. Kaka aliporudi, pawabanki ilikuwa imenenepa. Alifurahi sana. Nyumbani ilichaji simu mara moja na nusu, ikalala. Tulipoifungua tulikuta kibatri kidogo kama kidole, na sehemu yote iliyobaki ilikuwa mchanga wenye unyevu, umeshindiliwa vizuri kabisa.

Aliipeleka leteri mbele ya watu wote.

"Papa, ona. Muchanga."

Mpimaji alichota mchanga kidogo, akaunusa, akauweka kwenye ukucha.

"Nilikuambia ichukue yenye iko nzito," alisema. "Ilikuwa nzito ao haikuwa?"

"Ilikuwa nzito."

"Basi. Na usitupe hiyo muchanga. Inatoka Walikale, pengine iko na madini kupita bei ya telefone yako."

Kaka aliuweka kwenye kopo. Uko dirishani kwetu mpaka sasa, unasubiri bei ipande.

Kuna pia habari ya katekista wetu. Alikuja leteri kusalimu, akainama, na simu yake ikatoka mfuko wa shati ikaingia kwenye mtungi wa maziwa. Ilitolewa haraka, bado inawaka. Mtu mwingine yeyote angeipangusa na kutoa batri. Mpimaji aliona hatari ambayo sisi hatukuiona. "Maziwa imeingia ndani," alisema. "Itachacha." Akaagiza ioshwe kwa maji ya moto kidogo mara tatu, kama anavyoosha mitungi, halafu ikaning'inizwa kwenye ua, kichwa chini. Sijawahi kuona simu safi kama ile. Haikuwaka tena. Katekista alimshukuru mbele yetu, maana asingeweza kufanya vingine, na Mpimaji akamtuliza kwamba angalau haitanuka. Hilo lilikuwa kweli. Haikunuka hata kidogo.

Msifikiri kwamba alikosea kila mara. Hilo lingekuwa rahisi, tungemzoea. Tabu yake ni kwamba siku nyingine alisema kweli, tena kwa sauti ileile. Alisema usitoke dukani kabla hujatia karte, ile laini yako mwenyewe, ndani ya simu na kumpigia mtu. "Wakikuambia rezo iko mubaya leo, uwaambie utanunua siku rezo iko muzuri." Rezo kwetu ni mtandao. Alisema simu ya vitufe na tochi inatufaa milimani kuliko yenye kioo kipana, kwa sababu batri yake inavumilia siku nyingi na huku umeme tunausikia kwenye hotuba. Alisema bamba la umeme wa jua lipanguswe vumbi kila asubuhi kama unavyopangusa kiwele kabla ya kukamua. Juu ya namba ya siri ya pesa alisema, "Ile namba iko sawa chuchu ya ngombe yako. Usimwachie mugeni akamue." Na alituamuru tuandike namba za watu kwenye daftari, kwa sababu simu ikiibwa daftari linabaki, hakuna mwizi anayetaka daftari. Mimi niliandika. Langu ninalo mpaka leo.

Mimi sisemi sana. Watu wakinisalimu najibu ndani ya koo, sauti haitoki mpaka wameshapita. Mpimaji aliniita Kimya, na kwa sababu sikumjibu kamwe, aliniona mtu mwenye akili. Siku moja nilikuwa nikisubiri mtungi wangu uoshwe, naye alikuwa akizungumza. Ndipo nilipomuuliza, kwa macho tu, kwa nini yeye hana simu.

"Bado nachagua," alisema.

Alikuwa amechagua kwa miaka mingi. Kila simu ya kijiji ilipita kwenye mizani yake, na kila moja ilikosa kitu.

"Tena sauti ikitoka mbali inafika bila mafuta yake," aliongeza. "Inakuwa sawa maziwa yenye balishatoa siagi. Mi napenda muntu afike yeye mwenyewe."

Huyo ndiye mshauri wetu wa simu.

Ana mtoto mmoja tu, Furaha, ambaye alikuwa akigeuza fromaji kwenye rafu za leteri. Fromaji ikiwekwa kuiva inapaswa kugeuzwa kila siku, la sivyo inaoza upande mmoja. Furaha aliwachoka fromaji na wavulana wa milimani kwa wakati mmoja, akampenda kijana wa Kibua, kijiji cha wakulima huko Walikale. Kijana huyo alikuwa na kaduka Mubi. Alichouza humo ni simu. Kwa Mpimaji hayo yalikuwa makosa matatu ndani ya mtu mmoja: mtu wa msitu, mtu wa simu, na mtu ambaye kwao hakuna aliyewahi kukamua.

Hata hivyo siku ya mahari ilifika. Kijana alikuja na wazee wake na ng'ombe aliowanunua hukuhuku milimani, na hao ng'ombe hata Mpimaji hakupata la kuwasema, ingawa alijaribu, aliwazunguka mara mbili. Kisha kijana akapiga magoti, akatoa kwa mikono miwili zawadi ya baba mkwe. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, mpya, karte imeshatiwa ndani na namba ya Furaha imeshaandikwa.

"Baba mukwe, hii ni ya kumusikia mutoto wako," alisema.

Mpimaji alituma mizani iletwe.

Tulikuwa wengi mbele ya nyumba, familia mbili zimekaa zikitazamana, na katikati mizani ya sahani mbili kama kwenye mahakama. Aliweka simu upande mmoja. Upande wa pili aliweka kipande cha fromaji kilichokuwa kimekatwa kwa ajili ya wageni. Fromaji ikashuka, simu ikapanda juu na kubaki inaning'inia.

"Iko mwepesi," Mpimaji alisema. "Iko na maji."

Kila mtu alijua kwamba hasemi simu. Upande wetu tulicheka. Nami nilicheka, ndani ya kitenge. Wazee wa Kibua hawakucheka, waliangalia ile fromaji ambayo walikuwa bado hawajaionja. Kijana alibaki kwenye magoti yake.

"Ndiyo, baba mukwe," alijibu taratibu. "Nilichagua mwepesi ili usichoke mukono ya kuishika."

Furaha alikuwa ndani, lakini ukuta wa mbao hausitiri kitu. Ndoa ilifungwa kanisani, kwa sababu ng'ombe wa mahari walikuwa wameshapokelewa na kulala kwetu. Siku ya kuondoka, Furaha akiwa ameshapanda pikipiki, alimwita baba yake.

"Papa, namba yangu iko ndani ya ile telefone. Nitakuwa napiga kila asubui. Siku utaiwasha, nitajua umenikubali na ule mwenye nilichagua. Usipowasha, sitakulazimisha."

"Telefone inaiva kwanza," alijibu Mpimaji, na akaingia kupima maziwa ya jirani.

Aliiweka kwenye rafu ya kuivishia, katikati ya fromaji, ikiwa imezimwa. "Telefone yenye imezimwa haichakae," alitufundisha, na kijiji kizima kikaanza kuzima simu ili zidumu. Kwa mwezi mmoja hatukuweza kupatana hata kwa mambo ya mazishi. Kila asubuhi alipita rafu kwa rafu akigeuza fromaji, na akifika kwenye simu aliigeuza pia, kioo juu leo, kioo chini kesho. Fromaji husuguliwa kwa kitambaa chenye maji ya chumvi. Simu aliipangusa kwa kitambaa kikavu alichokiweka mfukoni kwa kazi hiyo peke yake. Hapo ningepaswa kuelewa, lakini nilikuwa bado nacheka.

Kaka akirudi kutoka Mubi, Mpimaji hakuuliza habari za Furaha. Aliuliza barabara.

"Barabara iko je?"

"Barabara iko muzuri, Papa. Inakusalimia."

Mwezi uliofuata: "Barabara iko je?"

"Imenenepa kidogo."

Mpimaji alisimamisha kijiti hewani. "Imenenepa namna gani?"

"Namna ya barabara zenye zimeolewa," kaka alisema. "Yenyewe inasema miezi ine."

"Barabara ya Mubi iko na matope tu," Mpimaji alisema, na asubuhi hiyo alikataa mitungi minne ya maziwa mazuri kabisa, ukiwemo wetu.

Miezi mitano ikapita. Simu yangu, ambayo haipigwi na mtu kwa kuwa watu wanajua sitasema kitu, ikaita.

"Kimya, ni mimi Furaha. Usiseme kitu, najua hautasema. Sikiliza tu. Nimezaa, mutoto mwanamuke. Kila asubui napiga namba ya Papa, wananiambia haipatikane. Bwana yangu anasema tumungojee Papa ampatie mutoto jina, sababu njo mukubwa wetu. Mapadri watafika hapa kubatiza mwisho wa mwezi. Kama hatawasha kabla ya pale, tutampatia jina siye wenyewe, na sitapiga tena. Umwambie, dada. Tafazali."

Hakuna mtu mbaya wa kupewa ujumbe kama mimi. Asubuhi ya kwanza nilisimama mbele ya Mpimaji na mtungi wangu, nikafungua mdomo. "Haina maji, pita," akasema. Nikapita. Asubuhi ya pili ilikuwa hivyohivyo. Asubuhi tisa nilifungua mdomo na kuufunga, na huko Mubi mtu alikuwa akipiga namba iliyolala kwenye rafu. Kijiji kizima kilikuwa kimeshajua kutoka kwa kaka, na kijiji kizima kilikuwa na maoni, lakini aliye tayari kumwambia Mpimaji kwamba kipimo chake kilikosea hakuwepo. Maziwa yetu yangepita wapi kesho yake?

Siku ya kumi niliandika kwenye karatasi: FURAHA AMEZAA. MTOTO HANA JINA. WASHA. Niliandika usiku mzima, si kwa urefu wake. Nikaingia kwenye chumba cha rafu, nikaiweka chini ya simu.

Kesho yake karatasi ilikuwa palepale, ila imegeuzwa, maandishi chini. Nilidhani ndilo jibu lake. Kesho kutwa yake nilikuta nafasi tupu kati ya fromaji mbili, na kwenye mizani hapakuwa na mtu. Watu walisimama na mitungi yao wakiangaliana. Tangu leteri ijengwe, Mpimaji hakuwahi kuchelewa.

Juu ya malisho yetu kuna jiwe bapa ambapo ng'ombe huwekewa chumvi. Ni mahali pekee ambapo rezo inafika bila wasiwasi, kwa hiyo watu na ng'ombe hupeana zamu. Nilimkuta huko. Alikuwa amesimama juu ya jiwe na aproni yake na buti zake nyeupe, uso kuelekea upande wa msitu, simu mikononi mwake miwili kama kikombe cha moto. Ng'ombe watatu walikuwa wakimsubiri ashuke.

"Kimya. Kuja hapa."

Nilipanda jiwe.

"Nimewasha," alisema bila kunitazama. "Batri ingali. Miezi yote hii imelala, na ingali na mistari mbili. Ingekuwa nzito, ingeshaisha."

Akaninyooshea ile simu.

"Lakini inaandika maneno madogo-madogo. Soma."

Nilisoma. Simu ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimekufa ni karte. Karte ambayo haitumiwi miezi mingi hufungwa, na hii ililazwa makusudi ili isichakae.

"Karte imekufa, Papa. Ililala sana."

Yalikuwa maneno matano, mengi kuliko yote niliyowahi kumpa kwa siku moja. Alikaa kwenye jiwe. Aligeuza simu, kioo chini, kisha kioo juu, kama alivyozoea.

"Mi njo niliilaza," alisema.

Nilitoa simu yangu, nikafungua mgongo wake kwa ukucha, nikachomoa karte yangu na kuitia kwenye ile nyepesi. Ni yeye aliyetufundisha: usiamini simu kabla hujaijaribu kwa karte yako. Niliangalia ndani. Kulikuwa na jina moja tu. Nilichukua daftari langu la namba mfukoni nikalinganisha, tarakimu kwa tarakimu. Ilikuwa ile ile. Nikamrudishia.

Aliishika akaitazama. Mtu huyu alikuwa amepima simu za milima mitatu.

"Sasa nafinya wapi?" aliuliza.

Nilishangaa, na nadhani ilionekana.

"Mi najua kuichagua," alisema. "Kuitumia, hapana."

Nikamwonyesha kitufe cha kijani. Alikifinya kwa kidole gumba, kile cha maziwa. Iliita mara moja tu.

"Kimya?" ilikuwa sauti ya Furaha, maana aliona namba yangu. "Umemwambia? Alisema nini? Kimya, leo useme, nakuomba."

Mpimaji alifungua mdomo. Mtu aliyetoa hukumu kila asubuhi ya maisha yake alifungua mdomo na kuufunga, nami nilimjua mtu anayefanya hivyo, nilimjua vizuri. Alinitazama. Kwa hiyo ikabidi niwe mimi.

"Iko hapa," nilisema kwa sauti iliyotoka. "Amewasha."

Kule upande wa pili tukasikia mtoto akilia, karibu kabisa na simu, kilio kikali cha mtu aliyeamshwa bila ruhusa yake. Mpimaji aliinamisha kichwa kama anavyofanya akinusa maziwa. Alifumba macho. Alisikiliza muda mrefu, mpaka ng'ombe mmoja akapoteza subira na kulamba buti lake. Kisha akainua kidole gumba akauangalia ukucha, kana kwamba kuna tone limewekwa pale.

"Haina maji," alisema.

Furaha alicheka, au alilia. Zote mbili zilifika, na mafuta yake.

Baada ya hapo ikasikika sauti ya kijana wa Kibua. "Jambo, baba mukwe. Haikuchoshe mukono?"

"Hapana," alisema Mpimaji. "Naishika na moja tu."

Alikuwa ameishika kwa miwili. Sikumsahihisha.

"Papa," Furaha alisema, "mutoto anangojea jina. Mapadri wako njiani."

"Jina? Mi sipatie jina kintu sijapima. Munivumilie, nakuja."

Hapo unite, yaani salio la kupigia, zikaisha. Zilikuwa zangu, na hakuna aliyeniuliza.

Siku mbili baadaye alipanda nyuma ya pikipiki ya kaka. Alivaa buti na aproni, fromaji mbili kwenye mapaja, na mizani ndani ya gunia mgongoni, sahani zake zikigongana kila pikipiki ilipotikisika. Alikuwa na karte mpya kwenye simu yake. Watu walikuja kumuaga, na mzee mmoja, kwa mazoea, akamnyooshea simu aliyotaka kuinunua. Mpimaji aliipandisha na kuishusha mkononi.

"Iko nzito," alisema. "Uiache. Telefone muzuri iko mwepesi. Yenye nzito uiogope, mara mingi ni muchanga."

Alisema hivyo mbele ya kaka yangu, macho makavu, kama mtu aliyelifundisha jambo hilo tangu mwanzo. Kaka aliwasha pikipiki kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Kimya, nikifika nitakupigia," Mpimaji alisema. "Nitakuambia jina."

Kaka alimfikisha salama, akamshusha mbele ya duka la mkwe wake, akageuza siku hiyohiyo kwa kuwa mawingu yalikuwa yameshafunga. Anasema mambo mawili aliyaona kabla ya kuondoka. La kwanza, Furaha alitoka mbio na hakuvaa viatu. La pili, Mpimaji alimkumbatia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa tayari anaipapasa simu iliyopangwa mezani kuuzwa. Tangu hapo mvua imekata barabara, na hakuna pikipiki iliyopita.

Huku leteri wametuwekea mpimaji mwingine, kijana mwenye diploma na tabasamu. Ni muujiza jinsi ng'ombe walivyofurahia kuja kwake, kila nyumba sasa inaleta maziwa mengi kuliko zamani. Fromaji tu ndiyo inakataa kushikana.

Mpimaji hajapiga. Kila asubuhi napanda kwenye jiwe la chumvi napiga mimi, namba yake na ya Furaha, na yule mama wa ndani ya simu ananiambia hazipatikani. Wengine wanaogopa limetokea jambo. Mimi siogopi. Namjua. Amezizima zote mbili ili zisichakae.

Kwa hiyo nawaomba, ninyi mtakaosoma haya mkiwa Mubi, au Kibua, au mkipita Walikale. Mkiona mzee mwenye buti nyeupe amekaa mbele ya kaduka ka simu, na mizani ya sahani mbili, akiwaambia wateja ipi wasinunue, mwambieni Kimya anasema awashe. Kisha niandikieni. Karatasi ni bora kwangu, mpeni dereva yeyote wa pikipiki anayepanda kuja kuchukua fromaji, aiache leteri kwa jina hilohilo. Msijali mwandiko, mmeshauona wangu. Nitawajibu wote, ingawa polepole. Niambieni mawili tu: mtoto anaitwa nani, na ana kilo ngapi.